Uzito wa Kadiri ya Mtu: Historia ya Vyuma Vilivyowainua Wagonjwa

Leo mada yetu si dawa wala chanjo. Ni nguvu ya misuli: jinsi inavyopotea mtu akilala kitandani, na jinsi watu walivyojifunza, kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka mia moja, kuirudisha bila kumwumiza mgonjwa. Pengine utauliza, "Historia ya vyuma vya mazoezi inanihusu nini mimi?" Subiri kidogo, utaona.

Kosa nililofanya

Nilipokuwa muuguzi mpya nilitembelea boma moja ambako nyanya alikuwa ametoka hospitalini baada ya kuugua nimonia. Mkaza mwana wake aliniuliza, "Sista, sasa tumfanyie nini?" Nikamjibu, "Mwacheni apumzike. Msimsumbue." Walinitii kwa upendo mwingi. Chakula aliletewa kitandani, maji ya kuoga aliletewa, hata kikombe cha chai alishikiwa. Niliporudi baada ya miezi mitatu mapafu yalikuwa yamepona kabisa, lakini nyanya hakuweza kuinuka kutoka kwenye kiti kwenda chooni. Nimonia haikumfanya hivyo. Ushauri wangu ndio uliomfanya hivyo.

Mama, misuli isiyotumika hupungua. Kwa mzee, hata siku kumi za kulala tu zinatosha kuipunguza nguvu ya miguu. Kwa hiyo swali si kama mgonjwa atumie nguvu au asitumie. Swali ni hili: atumie kiasi gani, na tujuaje kwamba kiasi hicho kinamfaa? Swali hilo ndilo lililowashughulisha watu ninaotaka kukusimulia.

Mashine za daktari wa Stockholm

Mwaka 1865, daktari mmoja wa Uswidi aitwaye Gustav Zander alifungua nyumba ya mazoezi katika mji wa Stockholm. Wakati huo mgonjwa aliyehitaji mazoezi ya viungo alishikwa na mtu: wewe unavuta mkono, yeye anakuzuia. Shida ni kwamba mtu huchoka, na leo hakuzuii kwa nguvu ile ile ya jana. Zander akaunda mashine za vyuma zenye mkono mrefu kama wa mizani, na juu yake jiwe la uzani linalosogezwa. Ukilisogeza mbali, kazi inakuwa nzito. Ukilirudisha karibu, inakuwa nyepesi.

Waza juu ya mizani ya sokoni, utaelewa mara moja. Mtoto, mzee na fundi aliyeumia kazini waliweza kuketi kwenye mashine ile ile, kila mmoja kwa uzito wake. Zander alionyesha mashine hizo Philadelphia, Marekani, mwaka 1876, na baadaye nyumba za mazoezi kama yake zikafunguliwa katika miji mingi ya Ulaya na Marekani. Lakini zilikuwa kubwa na za gharama, na baada ya miaka mingi zikasahauliwa.

Askari waliojaa wodini

Tuvuke sasa hadi Chicago, Marekani, mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hospitali ya jeshi iliyoitwa Gardiner ilijaa askari walioumia, wengi wao magoti. Baada ya upasuaji au baada ya kutolewa plasta, paja la mtu lilikuwa limekonda. Mazoezi ya wakati huo yalikuwa mepesi sana, yakirudiwa mara nyingi mno, kwa sababu iliogopwa kwamba uzito ungemwumiza mgonjwa. Miezi ikapita na vitanda havikupata nafasi.

Hapo alikuwapo daktari kijana, Thomas DeLorme. Yeye mwenyewe katika ujana wake aliwahi kuugua homa ya baridi yabisi, ile inayoweza kudhuru moyo, akalala kitandani miezi mingi. Alipopona alinyanyua vyuma ili kurudisha nguvu zake. Kwa hiyo aliwaza: kama vyuma vilinisaidia mimi, kwa nini visiwasaidie hawa? Akaanza na sajini mmoja wa kikosi cha waruka kwa mwavuli ambaye goti lake lilikataa kupona. Mguu ukapata nguvu. Wengine wakafuata, na mwaka 1945 DeLorme akachapisha matokeo yake katika jarida la madaktari wa mifupa.

Kifaa chake kilikuwa rahisi: kiatu cha chuma. Mgonjwa aliketi ukingoni mwa meza, akafungwa kiatu hicho mguuni, kikatiwa chuma cha uzani kulingana na nguvu zake, kisha akanyoosha goti polepole na kulishusha polepole.

Sikiliza vizuri mpango wake, kwa maana hapa ndipo siri ilipo. Daktari hakusema, "Kila mtu anyanyue kilo tano." Alitafuta kwanza uzito ambao mgonjwa huyu, kwa mguu huu, aliweza kuunyanyua mara kumi tu, asiweze mara ya kumi na moja. Mwaka 1948, akishirikiana na Dkt. Arthur Watkins wa Boston, alipunguza kazi ikawa mizunguko mitatu ya mara kumi kumi. Mzunguko wa kwanza ni nusu ya uzito ule, wa pili robo tatu, wa tatu uzito wote. Kama uzito wa mgonjwa ni kilo 4, ataanza na kilo 2, kisha 3, kisha 4. Baada ya siku kadhaa hupimwa upya, na uzito hupanda kwa kadiri nguvu zilivyopanda. Hata leo wataalamu wa tiba ya viungo wanafuata msingi huo.

Mguu usioweza kujiinua wenyewe

Sasa utauliza, "Je, na yule ambaye hata mguu mtupu hauinui?" Swali zuri. Miaka hiyo polio ilipooza watoto na watu wazima wengi duniani, na DeLorme na wenzake waliwatibu pia. Kwa misuli dhaifu namna hiyo walifanya kinyume. Walifunga kamba mguuni, wakaipitisha juu kwenye gurudumu kama la kisima, na upande wa pili wakaning'iniza uzani. Uzani ule ukamsaidia mgonjwa kubeba mguu wake. Kila nguvu zilipoongezeka, uzani wa kumsaidia ukapunguzwa. Alipoweza kuuinua mguu peke yake, ndipo alipoanza kuongezewa mzigo.

Umeona, mama? Kifaa ni kile kile cha chuma na kamba, lakini kinamfuata mtu mahali alipo. Hakuna aliye dhaifu mno kuanza. Kuna uzito usiomfaa tu.

Mashine inayomfuata mgonjwa, na mpira wa bei nafuu

Katika miaka ya 1960, James Perrine wa Marekani aliunda mashine ya namna nyingine. Hiyo haikuwa na chuma cha kunyanyua. Ilidhibiti mwendo tu: mgonjwa akisukuma kwa nguvu nyingi, mashine inampinga kwa nguvu nyingi. Akisikia maumivu akilegeza, nayo hulegea papo hapo. Mwaka 1967, yeye na mtaalamu wa tiba ya viungo, Helen Hislop, waliandika kuieleza. Ni mashine nzuri lakini ni ghali, na hutaiona katika zahanati ya kijijini.

Kilichofika kwa watu wengi ni kitu kidogo zaidi: ukanda wa mpira. Mwaka 1978, kanda za Thera-Band zilianza kuuzwa kutoka Akron, Marekani, kila rangi na ugumu wake, ili mgonjwa apande kutoka rangi laini hadi rangi ngumu. Unakunjwa, unatiwa mfukoni, na ukiuacha haukuangukii mguuni.

Wazee wa miaka 90

Hata hivyo, hofu ya kuwapa wazee uzito ilibaki. Mwaka 1990, daktari Maria Fiatarone na wenzake huko Boston waliwafanyisha mazoezi wazee 10 dhaifu wa nyumba ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Wiki ya kwanza walinyoosha magoti kwa nusu ya uzito wa juu kabisa walioweza kuuinua mara moja, kisha wakapanda hadi asilimia 80. Mmoja aliacha kabla ya mwisho. Baada ya wiki nane, nguvu za miguu ya wale tisa waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha kutumia fimbo.

Lakini kuna onyo pia. Walipoacha mazoezi kwa wiki nne tu, karibu theluthi moja ya nguvu zao ilipotea. Mazoezi ni kama kupalilia shamba: ukiacha, magugu yanarudi.

Watoto nao walinyimwa mazoezi haya kwa muda mrefu. Iliaminika kwamba kumpa uzito mtoto mwenye mtindio wa ubongo kungemkaza misuli zaidi. Mwaka 1995, wataalamu wa Marekani waliwafunga uzani vifundoni watoto 14 wanaotembea wamekunja magoti, wakafanya mazoezi kwa wiki sita. Misuli ya mapaja ilipata nguvu na magoti yakanyooka zaidi katika kutembea. Hapa Kenya, mtoto wa aina hiyo apelekwe kwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya kaunti. Pia liko shirika la APDK, lililoanzishwa mwaka 1958 kuwahudumia watu wenye ulemavu wa viungo. Mtaalamu atachagua misuli na uzito. Kazi yako ni kuendeleza nyumbani.

Ufanye nini nyumbani?

Huhitaji kiatu cha chuma. Tumia ulivyo navyo:

1. Kiti. Kuinuka na kuketi ni kunyanyua mwili mzima. Kama mzee hawezi, kiinue kiti kwa blanketi zilizokunjwa, ashike meza imara, na wewe usimame karibu. Kiti kikiwa juu, kazi ni nyepesi. Kila wiki punguza mkunjo mmoja.

2. Chupa ya maji. Chupa ya nusu lita ni nusu kilo. Ianze ikiwa na maji kidogo, uongeze polepole. Pakiti ya unga ya kilo 2 ni ya baadaye.

3. Blada, ule mpira wa tyubu tunaofungia mizigo. Kata ukanda mpana na mrefu, maana mwembamba na mfupi hukata ngozi. Ukague kila mara, ukiwa na ufa utupe. Usiuvute kuelekea usoni.

Ajaribu mara kumi. Akishindwa kabla ya tano, ni nzito mno, punguza. Akifika kumi huku mbili za mwisho zikimpa kazi, hapo ndipo. Akifika kumi kwa urahisi siku mbili za mazoezi, ongeza kidogo. Afanye siku mbili au tatu kwa wiki, na kati yake apumzike siku moja. Ahesabu kwa sauti, kwa kuwa anayehesabu hawezi kuzuia pumzi, na kuzuia pumzi hupandisha shinikizo la damu.

Tahadhari

Muulize mhudumu wa afya kwanza ikiwa mgonjwa ana ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilotulia, mfupa uliovunjika karibuni, jeraha la upasuaji, au ni mjamzito. Mwenye homa apumzike hadi ipoe. Aliyewahi kuugua polio asifanye hadi achoke kabisa. Acha mara moja akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, kukosa pumzi au maumivu makali ya kiungo, na umpeleke kituo cha afya. Uchovu wa misuli siku ya pili ni jambo la kawaida, lakini kiungo kilichovimba si jambo la kawaida.

Kumbuka

• Kupumzika kupita kiasi humdhoofisha mgonjwa.
• Uzito hupimwa kwa nguvu za mtu, si kwa umri wake wala kwa jirani yake.
• Anza chini, panda polepole, usiache.

Na yule nyanya? Tulianza na blanketi mbili kitini, mkaza mwana wake akihesabu naye kila asubuhi ya mazoezi. Hakurudi shambani kulima. Lakini baada ya miezi miwili hivi aliweza kuinuka bila blanketi, na usiku alikwenda chooni kwa fimbo yake bila kumwamsha mtu. Aliniambia hilo ndilo jambo lililomrudishia heshima yake.

Mama, ukimaliza kusoma, tazama ni nani nyumbani kwako anayeletewa kila kitu pale alipoketi. Mwombe ainuke mara moja, ukiwa kando yake. Hesabuni pamoja. Kwaheri, na Mungu akipenda tutaonana katika mazungumzo yajayo.