Mpira wa pikipiki na machozi ya msitu wa Congo

Goma au Bukavu, fundi hubadili mpira wa pikipiki nyumbani kwa vyuma viwili bapa na maji ya sabuni, kisha huzungusha gurudumu aone kama limekaa sawa. Zamani haikuwa rahisi hivyo. Mpira wa baiskeli wa Dunlop, uliozaliwa Belfast mwaka 1888, ulibandikwa kwa gundi. Mwaka 1891 ndugu Michelin wa Ufaransa wakaleta mpira unaofunguliwa. Baiskeli zikaongezeka, dunia ikadai mpira, na Congo ya Leopold II ikaulipia. Wakaaji walilazimishwa kugema utomvu porini. Kijiji kilichopungukiwa kiliadhibiwa, wengine wakauawa au kukatwa mikono. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Ubelgiji Congo. Waliokatwa mikono hawakulipwa.