Kushusha Thamani ya Sarafu: Nani Hubeba Hasara ya Deni?

Mara nyingi husemwa "shilingi imeshuka" na "shilingi imeshushwa" kana kwamba ni habari moja. Shilingi hushuka yenyewe sokoni, wanaotafuta dola wanapokuwa wengi kuliko wenye dola za kuuza. Hushushwa pale serikali au benki kuu, iliyokuwa imepanga kiwango cha kubadilishia fedha, inapotangaza kiwango kipya cha chini. Tukio hili la pili ndilo linaloitwa kushusha thamani ya sarafu. Kauli ya kutendesha iliyomo ndani ya kitenzi inatosha kuonyesha kuwa kuna aliyeamua.

Uamuzi mmoja maarufu wa aina hii ulitangazwa tarehe 18 Novemba 1967. Serikali ya Harold Wilson ilishusha pauni ya Uingereza kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40. Kenya, Uganda na Tanzania hazikufuata. Shilingi zao, zilizokuwa 20 kwa pauni, zikawa takriban 17.14. Chukua ankara ya pauni 1,000. Mfanyabiashara wa Mombasa aliyeagiza mashine kutoka Birmingham na bado hajalipa, deni lake lilipungua kutoka shilingi 20,000 hadi 17,140 bila yeye kuinua kidole. Aliyeuza mkonge London kwa pauni, naye akisubiri malipo, alipoteza shilingi 2,860 zilezile. Katika mikataba yao halikubadilika hata neno moja.

Mambo hugeuka pale nchi ya mdaiwa inaposhusha sarafu yake yenyewe. Tanzania ilipoishusha shilingi mwaka 1986, kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola, ankara ya dola 1,000 iliyokuwa ya shilingi 17,000 ikawa ya 40,000. Muuzaji wa ng'ambo aliendelea kudai dola zake zilezile.

Sheria katika nchi nyingi ina msimamo mkavu: deni hulipwa kwa idadi ya fedha iliyoandikwa, hata kama fedha hiyo inanunua kidogo kuliko siku ya mkataba. Kushushwa kwa sarafu peke yake hakumpi mdaiwa ruhusa ya kupunguza, wala mdai haki ya kuongeza. Basi swali la kwanza ni hili: deni limehesabiwa kwa sarafu ipi? Hapo tunahitaji istilahi mbili zaidi. Sarafu ya hesabu ndiyo inayopima ukubwa wa deni. Sarafu ya malipo ndiyo inayokabidhiwa siku ya kulipa.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kesi ya kakao ya Nigeria. Nigerian Produce Marketing ilikuwa imeuza kakao kwa pauni za Nigeria, ambazo wakati ule zililingana moja kwa moja na pauni za Uingereza. Septemba 1967 iliwaandikia wanunuzi wake, Woodhouse, kwamba malipo yanaweza kufanywa kwa pauni za Uingereza huko Lagos. Wiki chache baadaye pauni ya Uingereza ikashushwa, ya Nigeria ikabaki palepale. Wanunuzi wakashikilia kuwa barua ile iliwaruhusu kulipa pauni moja ya Uingereza kwa kila pauni ya Nigeria. Wangekubaliwa, deni la pauni 1,000 za Nigeria lingelipwa kwa pauni 1,000 zilizopungua thamani, badala ya takriban 1,167. Mwaka 1972 Baraza la Malodi, ambalo enzi hizo lilikuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, liliwakatalia: barua ilizungumzia sarafu ya malipo tu, na deni lilibaki la pauni za Nigeria.

Siku hizi shilingi zetu hupangiwa bei na soko, lakini hatari kwa mwenye deni la ng'ambo ni ileile. Anayeagiza magari Japani anaweza kukubaliana na benki mapema kiwango atakachonunulia dola za ankara yake, au kuweka kifungu cha kugawana hasara kiwango kikivuka mpaka fulani. Kinga ya kwanza, hata hivyo, haina gharama. Mkataba utaje sarafu ya hesabu, utaje sarafu ya malipo, na useme kiwango cha siku ipi kitatumika kubadilisha moja kwa nyingine. Ukiletewa mkataba unaosema "shilingi" tu bila kutaja za nchi gani, usitie saini.