Watumishi wasioonekana: Jinsi huduma za seva za Unix zinavyosimamiwa

KARANI anapofungua akaunti ya mteja, mwanafunzi anaposaka matokeo yake tovutini, au muuguzi anapotafuta jina la mgonjwa katika sajili ya tarakilishi, kuna programu iliyokesha ikisubiri ombi hilo. Programu hiyo haina dirisha wala kitufe cha kubonyezwa. Hukaa ndani ya seva, ikaitika inapoitwa, kisha ikarejea kusubiri. Hiyo ndiyo huitwa huduma.

Seva nyingi zinazoendesha intaneti hutumia Unix au mifumo ya ukoo wake, hasa Linux na FreeBSD. Katika mifumo hiyo, kazi kubwa ya msimamizi ni kuamua huduma gani iamke, lini, kwa idhini ya nani, na ifanyiwe nini ikianguka. Kosa dogo katika uamuzi huo laweza kuwa na gharama kubwa. Huduma iliyosahauliwa haitaamka umeme ukirejea baada ya kukatika usiku, nayo isiyohitajika ikiachwa wazi hugeuka kuwa mlango wa mwizi.

Asili ya dimoni

Unix ilianza kuundwa mwaka wa 1969 katika maabara za Bell Labs nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Tangu zamani, programu zinazotumika chinichini zimeitwa dimoni. Jina hilo laitangulia Unix yenyewe, kwani lilianza kutumiwa na wataalamu wa mradi wa Project MAC katika chuo cha MIT mwaka wa 1963. Hawakumaanisha pepo mbaya. Walimkumbuka kiumbe wa kubuni aliyeelezwa na mwanafizikia James Clerk Maxwell, ambaye kazi yake ilikuwa kutenga molekuli za gesi bila kuchoka. Hadi leo, majina ya programu nyingi za aina hiyo huishia kwa herufi d, kama vile sshd, httpd na crond.

Seva inapowashwa, kiini cha mfumo huanzisha mchakato mmoja wa kwanza, ambao hupewa nambari 1. Kwa desturi mchakato huo huitwa init. Ndio mzazi wa huduma zote, na ndio huwalea michakato mayatima ambayo wazazi wao wamekufa. Katika Linux, mchakato huo ukifa, mfumo mzima husimama.

Njia za zamani

Katika Unix ya System V, iliyotolewa mwaka wa 1983, init ilisoma faili ya /etc/inittab ili kujua seva iingie katika ngazi gani ya utendaji. Ngazi ya 0 ilikuwa ya kuzima, 1 ya matengenezo ya mtu mmoja, na 6 ya kuwasha upya. Skripti za huduma ziliwekwa katika saraka ya /etc/init.d, na kila ngazi ilikuwa na viungo vilivyoanza kwa herufi S kwa kuanzisha au K kwa kusimamisha, pamoja na nambari ya zamu.

Mfumo huo ulikuwa rahisi kuelewa, kwani skripti ni maandishi ambayo yeyote aweza kuyasoma. Hata hivyo, huduma zilianzishwa moja baada ya nyingine, jambo lililochelewesha seva kuamka. Isitoshe, hapakuwa na mlinzi. Huduma ikianguka saa tisa usiku, ilibaki chini hadi mtu aigundue.

Ukoo wa BSD ulifuata mkondo wake. Katika FreeBSD, uamuzi mwingi huandikwa katika faili moja, /etc/rc.conf. Mstari unaosema sshd_enable="YES" watosha kuiruhusu huduma hiyo iamke seva inapowashwa, kisha amri ya service sshd start huianzisha papo hapo.

Kuingia kwa systemd

Mwaka wa 2005, Solaris 10 ilileta mfumo mpya wa kusimamia huduma ulioitwa SMF, na Apple ikaleta launchd katika Mac OS X 10.4. Ubuntu ikafuata kwa Upstart mwaka wa 2006. Mwaka wa 2010, Lennart Poettering na Kay Sievers walitangaza systemd, ambayo huanzisha huduma nyingi kwa wakati mmoja na kuzilinda zinapotumika.

Fedora iliikubali mwaka wa 2011, Red Hat Enterprise Linux 7 mwaka wa 2014, kisha Debian 8 na Ubuntu 15.04 mwaka wa 2015. Mabadiliko hayo hayakupita kimya. Wapinzani walisema systemd imejitwika kazi nyingi mno, kinyume na mila ya Unix ya programu moja kufanya jambo moja vyema. Baadhi yao walijitenga na Debian na kuunda Devuan. Hata hivyo, msimamizi wa seva za Linux leo hawezi kuikwepa systemd kwa urahisi.

Kuanzisha si kuwezesha

Amri kuu ya systemd ni systemctl. Neno start huanzisha huduma, stop huisimamisha, restart huizima na kuiwasha tena, nalo status hueleza hali yake. Hapa ndipo wanagenzi wengi hujikwaa. Amri ya start huiamsha huduma sasa hivi tu. Ili iamke yenyewe kila seva inapowashwa, sharti itumike amri ya enable, ambayo huweka kiungo katika orodha ya huduma za kuanzishwa.

Tofauti hiyo haionekani siku ya kwanza. Msimamizi huanzisha hifadhidata, akaijaribu, akaona yafanya kazi, akaenda zake. Miezi kadhaa baadaye, umeme unakatika na kurejea. Seva inaamka ila hifadhidata haiamki, na foleni ya wateja inarefuka huku kila mtu akidhani mtambo umeharibika. Amri ya systemctl enable --now hufanya yote mawili kwa pamoja na kuondoa hatari hiyo.

Kinyume chake ni disable, inayozuia huduma kujiamsha wakati wa kuwasha seva. Lakini huduma iliyozuiwa hivyo bado yaweza kuamshwa na huduma nyingine inayoihitaji. Anayetaka isiamke kabisa hutumia mask.

Faili ya huduma

Kila huduma ya systemd huelezwa katika faili ya maandishi. Zinazokuja na programu hukaa katika /usr/lib/systemd/system au, katika baadhi ya mifumo, /lib/systemd/system. Za msimamizi hukaa katika /etc/systemd/system, nazo ndizo zenye kauli ya mwisho. Si busara kuhariri faili zilizokuja na programu, kwa kuwa toleo jipya litafuta mabadiliko hayo. Amri ya systemctl edit huandika marekebisho kando, yakabaki salama.

Faili hiyo huwa na sehemu tatu. Sehemu ya Unit hueleza huduma na uhusiano wake na nyingine. Requires humaanisha kwamba huduma haiwezi kuanza bila mwenzake, ilhali After hupanga zamu tu. Mambo hayo mawili hayafanani. Anayeandika Requires bila After hukuta huduma zote mbili zikianzishwa kwa pamoja, na tovuti ikilalamika kwamba hifadhidata haijawa tayari.

Sehemu ya Service hutaja amri ya kuanzisha katika ExecStart, na mtumiaji atakayeimiliki huduma katika User. Mstari wa Restart=on-failure huagiza huduma ifufuliwe ikianguka. Ulinzi huo una mipaka: kwa kawaida, huduma ikianzishwa mara tano ndani ya sekunde 10 na kuanguka, systemd huacha kujaribu. Sehemu ya Install ndiyo husomwa na enable, na seva nyingi huandika humo WantedBy=multi-user.target. Baada ya kuhariri faili kwa mkono, sharti itolewe amri ya systemctl daemon-reload, la sivyo mfumo utaendelea kufuata maagizo ya kale.

Tahadhari kabla ya hatari

Mipangilio ya huduma yenyewe, kama vile lango inalosikiliza, huwa katika faili nyingine ndani ya saraka ya /etc. Msimamizi mwangalifu hunakili faili kabla ya kuigusa, kisha huipima kabla ya kuwasha huduma upya. Amri ya sshd -t hukagua mipangilio ya sshd, nginx -t ile ya nginx, na apachectl configtest ile ya Apache.

Pale inapowezekana, reload ni bora kuliko restart, kwa kuwa huduma husoma mipangilio mipya bila kuwakatiza walio kazini. Anayebadilisha mipangilio ya sshd akiwa mbali na seva huacha kikao chake cha kwanza wazi na kujaribu kuingia kwa kikao cha pili. Akikosea, hatakuwa amejifungia nje.

Kusimamisha nako kuna adabu yake. Ishara ya 15 huiomba programu ikamilishe kazi na kuondoka. Ishara ya 9 huiua papo hapo, na data iliyokuwa haijahifadhiwa yaweza kupotea. Hiyo ni silaha ya mwisho, si ya kwanza.

Huduma ikikataa kuamka, jibu hutafutwa katika shajara ya mfumo. Amri ya journalctl -u pamoja na jina la huduma huonyesha kumbukumbu zake, na -b huzifunga kwa kipindi tangu seva iwashwe. Mara nyingi sababu huwa imeandikwa wazi: faili haipo, ruhusa imenyimwa, au lango limeshatwaliwa na programu nyingine.

Mafunzo ya 1988 na 2024

Novemba 2, 1988, programu iliyoandikwa na mwanafunzi Robert Tappan Morris ilisambaa katika intaneti. Iliingilia huduma ya finger iliyokuwa na kasoro, na huduma ya barua ya sendmail iliyoachwa na hali ya majaribio wazi. Inakadiriwa kwamba mitambo 6,000 iliathirika. Morris alihukumiwa mwaka wa 1990 kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kutumikia jamii na faini ya dola 10,050.

Zaidi ya miongo mitatu baadaye, Machi 2024, mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwa njia ya ssh kulichukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alipochimba, alikuta mlango wa siri ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya xz. Mlango huo uliifikia sshd kwa sababu baadhi ya mifumo ya Linux ilikuwa imeiunganisha na maktaba ya systemd, ambayo nayo ilitegemea xz. Uligunduliwa kabla ya kuenea katika seva nyingi.

Matukio hayo mawili yaonyesha kwa nini kila huduma inayotumika yapasa kuwa na sababu ya kutumika. Amri ya ss -tlnp, ikitolewa na mtumiaji mkuu, huorodhesha malango ya TCP yaliyo wazi na programu zinazoyamiliki: 22 la ssh, 25 la barua, 80 na 443 ya tovuti. Lango ambalo hakuna awezaye kulieleza lafaa kufungwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jaribio la mwisho ni kuiwasha seva upya kwa hiari, mchana, wataalamu wakiwapo na watumiaji wakiwa wamearifiwa. Huduma zote zikiamka zenyewe kwa mpangilio, msimamizi aweza kulala usingizi hata umeme ukikatika. Zisipoamka, ni heri kasoro hiyo ijulikane siku hiyo kuliko usiku ambao hakuna mtu wa kuitika.