Mishale Haikumuua: Mtakatifu Sebastiani katika Picha na katika Historia



Wapendwa waamini, wengi wetu huitambua picha ya Mtakatifu Sebastiani hata kabla ya kusoma jina lake: kijana amefungwa kwenye mti au nguzo, mwili umechomwa mishale, macho ameyainua mbinguni. Andrea Mantegna peke yake alimchora hivyo mara tatu. Kwa sababu hiyo tumezoea kudhani kwamba mishale ndiyo iliyomuua. Sivyo.

Orodha ya wafiadini wa Kanisa la Roma, iliyohifadhiwa katika kitabu cha mwaka 354, inaweka kumbukumbu yake tarehe 20 Januari. Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, aliandika katika karne hiyo hiyo kwamba Sebastiani alitoka Milano akaenda kuifia imani Roma. Masimulizi marefu ya mateso yake ni ya karne ya 5. Yanasema kwamba alikuwa askari katika walinzi wa Kaisari Diokletiani, akiwatia moyo kwa siri Wakristo waliofungwa. Alipogunduliwa alipigwa mishale, akaachwa akidhaniwa amekufa. Mjane Irene alikwenda kuuchukua mwili auzike, akamkuta angali hai, akamtibu. Alipopona, Sebastiani hakukimbia. Alimwendea Kaisari, akamkemea waziwazi kwa kuwatesa Wakristo. Ndipo alipopigwa marungu hadi kufa, na mwili wake ukatupwa katika mfereji wa maji machafu.

Kwa nini basi wachoraji walishika mishale? Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mozaiki ya karne ya 7 katika Kanisa la Mtakatifu Petro Minyororoni, Roma, inamwonyesha mzee mwenye ndevu, amevaa mavazi yake, ameshika taji. Lakini tangu kale watu waliufananisha ugonjwa wa ghafla na mshale. Zaburi ya 91 nayo inautaja mshale na tauni pamoja. Tauni kuu ilipoingia Ulaya mwaka 1347, waamini walimkimbilia mwombezi aliyechomwa mishale akapona, na picha hizo zikaenea. Zilikuwa sala za watu waliozungukwa na kifo.

Wachoraji wachache waliendelea na habari. Georges de La Tour, katika karne ya 17, alimchora Irene akimhudumia usiku kwa mwanga wa mwenge. Mwaka 1612 Lodovico Carracci aliuchora mwili ukitupwa mferejini.

Nasi, wapendwa, mara nyingi twaishia kwenye mishale. Twaomba kuponywa, twafunga novena, twatolea Misa; tukipata nafuu twashukuru na kurudi nyumbani. Sebastiani alipewa uhai mara ya pili, akautumia kusema ukweli mbele ya mwenye nguvu, kwa ajili ya wafungwa wasio na msemaji. Katika kifo cha kwanza alikamatwa. Katika cha pili alikwenda mwenyewe.

Basi tujiulize juma hili: tumeponywa ili tufanye nini? Na je, ni nani aliyeachwa akidhaniwa amekwisha, anayemngoja Irene wake?

Mtakatifu Sebastiani, utuombee.