HbA1c: sukari ya miezi mitatu hupimwa wapi?

Kipimo ambacho maabara hukiandika HbA1c kina jina la Kiswahili linalojulikana vizuri kwa wagonjwa wa kisukari: sukari ya miezi mitatu. Ni jina la kliniki, la muuguzi anayemwambia mgonjwa, "Mama, leo kidole hakitoshi, tunakutoa na damu ya sukari ya miezi mitatu," na mama anakunja mkono wa gauni bila swali la pili. Nalipenda jina hili. Linampa mgonjwa kile anachohitaji kukijua kwanza, na halimtishi. Lakini limeacha nje neno moja ambalo sisi watu wa nchi za malaria na selimundu hatuna ruhusa ya kuliacha, nalo ni himoglobini.

Tuanze na kidole. Mashine ndogo ya kupimia sukari husoma glukosi iliyomo kwenye damu dakika hiyohiyo. Kwetu jibu hutolewa kwa milimoli kwa lita, na watu wamezoea kutaja namba tupu: "Leo nimeamka na saba." Saba ya asubuhi kabla ya kutia kitu mdomoni, ikirudiwa siku nyingine ikatoka vilevile, inamtosha daktari kusema ni kisukari; asiye na ugonjwa kwa kawaida huamka na tano na kitu. Namba hiyo haitulii. Chakula huipandisha, jembe huishusha, homa huipandisha tena. Ndiyo maana mzee anayejibana siku tatu kabla ya kliniki, akapunguza ugali wa usiku na kunywa chai kavu, anaweza kufika asubuhi akiwa na sukari nzuri kabisa. Kwenye kadi yake itaandikwa 6.1. Mstari unaofuata, kwa kalamu ileile, sukari ya miezi mitatu itaandikwa asilimia 9.4. Namba mbili za mtu mmoja, za siku moja, na zote mbili ni za kweli.

Hiyo ya pili imesomwa kwenye himoglobini, protini iliyojaa ndani ya chembe nyekundu za damu, inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake. Glukosi inayozunguka na damu huingia ndani ya chembe hizo na kunasa kwenye himoglobini, polepole, bila kimeng'enya chochote kuisukuma. Ni mmenyuko wa jamii ileile unaoligeuza andazi kuwa la kahawia kwenye mafuta, sukari ikikutana na protini. Tofauti ni kwamba mwilini joto ni nyuzi 37 tu, kwa hiyo kazi ya dakika chache inachukua wiki kadhaa. Sukari ikishanasa sawasawa haibanduki. Inabaki hapo mpaka chembe yenyewe ife, na chembe nyekundu ya mtu mzima mwenye afya huishi takriban siku 120. Kadiri sukari ilivyokuwa juu katika siku hizo, ndivyo sehemu ya himoglobini iliyonasa sukari inavyokuwa kubwa. Maabara hupima sehemu hiyo na kuitoa kwa asilimia, na mgonjwa hahitaji kufunga kula kabla ya kutolewa damu. Mzee wetu alijibana siku tatu. Himoglobini yake ina kumbukumbu ya wiki nyingi zilizotangulia.

Hata "miezi mitatu" yenyewe inahitaji kuelezwa. Damu ya leo ina chembe changa na kongwe, na siku za karibuni zinahesabika zaidi kuliko za zamani: mwezi wa mwisho peke yake unachangia karibu nusu ya jibu. Wapo pia wanaolielewa jina hili kama ratiba, wakidhani ni kipimo cha kila baada ya miezi mitatu kwa kila mtu. Mgonjwa aliyebadilishiwa dawa au ambaye sukari haijatulia ndiye anayerudia kila miezi mitatu. Aliyetulia hupimwa mara mbili kwa mwaka, na kwa mgonjwa anayelipa mwenyewe tofauti hiyo si ndogo.

Sasa tulisome jina la kitaalamu. Hb ni himoglobini. A ni aina yake, ile himoglobini ya kawaida ya mtu mzima. 1c ni alama tu ya sehemu mojawapo iliyojitokeza wanasayansi walipoichambua himoglobini A mafungumafungu. Aliyeliunganisha fungu hilo na kisukari ni Samuel Rahbar, daktari wa Iran, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 aliona katika damu za wagonjwa wa Tehran kwamba wenye kisukari wanalo kwa wingi kuliko wengine. Uzito wake kwa tiba ulithibitika mwaka 1993, utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza ulipotoa majibu yake: walioshushwa hadi karibu asilimia 7 walipata madhara ya macho, figo na neva kwa kiasi kidogo sana kuliko waliobaki karibu na 9.

Kwa Kiswahili, basi, tukiite nini? Kitenzi ndicho chenye kazi. "Himoglobini iliyoganda sukari" haifai, maana mgonjwa akisikia damu na kuganda katika sentensi moja atafikiria damu iliyoziba mshipa, na atakuwa na haki ya kuogopa. "Iliyochanganyika na sukari" ni dhaifu, kwa kuwa vilivyochanganyika vinaweza kutenganishwa. Mimi nashika "himoglobini iliyonasa sukari". Kunasa kunabeba mambo mawili yanayotakiwa: kitu kimeshikwa, na hakitoki. Jina hili liandikwe kwenye vitabu vya wanafunzi wa uuguzi na kwenye vijikaratasi vya wagonjwa, na "sukari ya miezi mitatu" ibaki pale ilipo, mdomoni mwa muuguzi.

Majina mawili kwa kitu kimoja si anasa hapa, kwa sababu neno "sukari" peke yake linachanganya namba. Mgonjwa akisema "yangu nane", nane ipi? Nane ya kidole ni milimoli nane kwa lita dakika hiyo. Nane ya miezi mitatu ni asilimia 8, ambayo ni sawa na wastani wa milimoli 10 na kidogo, usiku na mchana. Asilimia 7, lengo ambalo wagonjwa wengi hupewa, ni wastani wa milimoli 8.6; asilimia 9.4 ya mzee wetu inapita 12. Neno "asilimia" litajwe kila mara, kwa sauti. Kuanzia asilimia 6.5 ndipo Shirika la Afya Duniani linapoweka mpaka wa kuutambua ugonjwa.

Na wastani ni wastani. Watu wawili wanaweza kuwa na asilimia 7 ileile, mmoja akitembea kati ya milimoli 6 na 11, mwingine akianguka hadi 3 usiku na kuruka hadi 15 mchana. Huyu wa pili yuko hatarini, na karatasi ya maabara haisemi. Utafiti ule wa 1993 ulionyesha pia kwamba waliobanwa kufikia lengo walishukiwa na sukari vibaya karibu mara tatu zaidi ya wenzao. Kwa hiyo bibi wa miaka 80 anayejichoma insulini na kulala peke yake hapaswi kusukumwa hadi asilimia 7 kama kijana. Madaktari wengi humwachia asilimia 8. Na kila nyumba yenye mtu wa insulini ijue dalili: jasho la ghafla, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kuvurugika. Chini ya milimoli 4, akiwa anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari kwenye maji, asubiri dakika 15, apimwe tena, kisha ale. Akiwa hajitambui asinyweshwe kitu; apelekwe hospitali mara moja.

Sasa ile herufi A. Mtu mwenye ugonjwa wa selimundu, aliyerithi jeni kutoka kwa baba na kwa mama, hatengenezi himoglobini A. Ana himoglobini S, na chembe zake nyekundu huishi wiki mbili tatu badala ya miezi minne. Kumpima HbA1c ni kutafuta kitu ambacho damu yake haina. Hata mwenye kurithi upande mmoja tu, ambaye haumwi, kipimo chake huweza kusoma chini kidogo ya ukweli, na mashine nyingine huvurugwa na ile S. Watu hawa si wachache kando ya Ziwa Viktoria wala katika pwani yetu. Malaria inayovunja chembe nyekundu, kuvuja damu, kuongezewa damu na ujauzito vyote huweza kulishusha jibu bila sukari kushuka. Upungufu wa madini ya chuma hufanya kinyume, unalipandisha. Mgonjwa anayeambiwa "asilimia 5.8, hongera" huku kidole kinasoma 14 kila jioni na anaamka usiku mara nne kukojoa, aamini kidole na chembe zake zichunguzwe.

Jina la "sukari ya miezi mitatu" haliwezi kumwonya mtu huyo, kwa sababu linataja muda na kunyamaza kuhusu damu. Jina lenye himoglobini ndani yake linampa swali la kuuliza: "Daktari, mimi nina selimundu, kipimo hiki kinanifaa?" Jibu lipo. Kuna vipimo vya kidole vinavyoandikwa kwenye daftari mara kadhaa kwa siku, na kuna kipimo cha fruktosamini, kinachosoma sukari iliyonasa kwenye protini za majimaji ya damu na kuonyesha wiki mbili hadi tatu zilizopita, bila kutegemea chembe nyekundu hata moja.