Njia ya Anga Iliyokoma Chini ya Umbilo

Chini ya kitongoji cha Umbilo, mjini Durban, kwenye kichwa cha ghuba umwagikamo mto wa jina hilohilo, pana mahali paitwapo Congella, ambapo kuanzia mwaka 1937 palikuwa mwisho wa njia ndefu ya anga iliyoanzia Southampton. Nayo njia hiyo, ijapokuwa iliasisiwa kwa maslahi ya dola ya Kiingereza na barua zake, ilipita juu ya bandari za mwambao wetu, hata historia yake ikawa yetu pia.

Safari hizo zilifanywa na ndege za majini za shirika la Imperial Airways, ambazo hazikuhitaji kiwanja bali maji matulivu tu, na katika zama ambazo viwanja vingi vya Afrika vilikuwa vya udongo uliogeuka tope kila masika, fadhila hiyo haikuwa ndogo. Ikiisha kufuata Mto Naili na kutua Kisumu, ndege ilishuka Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, Beira na Lourenço Marques, ndipo ikawasili Durban. Aitazamaye orodha hiyo ataitambua njia ya manahodha wa Kiswahili wa enzi za Kilwa, ila wao, waliotegemea kaskazi na kusi, aghalabu walikomea Sofala.

Wala Durban haikuwa ngeni kwa habari za mwambao: tangu mwaka 1873 Waingereza waliteremsha huko watumwa waliokombolewa baharini, wengi wao Wamakua, wakaitwa Wazanzibari, wakakaa kwenye rasi ya Bluff, ng'ambo ya ghuba, hata sheria dhalimu za ubaguzi zilipowahamishia Chatsworth.

Kutoka Southampton hadi Durban mwanzoni zilipita yapata siku sita, kwani abiria walilala nchi kavu. Baina ya Dar es Salaam na Durban, kwa mstari mnyoofu, ni maili 1,660 hivi. Ndege yenye mwendo wa maili 160 kwa saa ingeyakata masafa hayo kwa saa kumi na ushei, lau si vituo vinne vya katikati, kila kimoja na mafuta yake, barua zake na abiria wake.

Mwezi Juni 1940 vita viliifunga njia ya Mediterania, na barua za London zikawa zaletwa Durban kwa meli, ndipo ndege zikazichukua kupitia Cairo, Basra, Karachi na Singapore hadi Sydney.

Jeti haina haja ya Lindi wala Beira. Kuanzia mwaka 2018 hadi 2020 British Airways iliruka moja kwa moja baina ya London na uwanja wa King Shaka wa Durban, maili 5,900 hivi kwa saa zipatazo kumi na moja. Ilhali msafiri wa Dar es Salaam, ambaye kwa jeti isiyotua njiani angefika Durban kwa saa tatu u nusu, aghalabu hubidi apande kwanza hadi Johannesburg, angojee huko ndege nyingine, kisha ateremke tena kuelekea pwani.