Kanisa lililojengwa kwa kodi ya makaa

Usiku wa kuamkia Jumapili, 2 Septemba 1666, moto ulizuka kwa mwoka mikate mmoja wa Pudding Lane, London. Ulipokuwa ukiteketeza mitaa, wauza vitabu waliopanga karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo walishusha shehena zao katika chumba kilichokuwa chini ya kanisa, wakaziba kila upenyo. Waliyaamini mawe.

Wasichokitilia maanani ni mbao. Kanisa lilikuwa limechakaa, na mafundi walikuwa wamelizungushia majukwaa ya mbao ili walikarabati. Jumanne jioni cheche zikayashika, moto ukapanda hadi paani. Risasi iliyoezekea paa ikayeyuka na kutiririka barabarani. Mawe yakapasuka kwa joto, dari likaporomoka na kutoboa sakafu, na vitabu vile vikawaka kwa siku kadhaa. Sanamu ya marumaru ya John Donne, mshairi aliyewahi kuliongoza kanisa hilo, ilinusurika. Alama za moto zingalipo chini yake.

Wakubwa hawakutaka kukubali kwamba kanisa limekwisha. Walitia viraka hadi 1668, ukuta ulipowaangukia kazini. Hapo wakamrudia msanifu majengo Christopher Wren, ambaye siku sita tu kabla ya moto alikuwa humo akikagua nyufa. Kubomoa peke yake kulikuwa kasheshe. Baruti ilirusha jiwe hadi ndani ya nyumba ya jirani, watu wakalalamika, ikabidi mafundi waiache na kugonga kuta kwa gogo lenye ncha ya chuma.

Jiwe la kwanza la kanisa jipya liliwekwa Juni 1675. Michango ya hiari haikufika mbali. Fedha nyingi zilitokana na kodi ya makaa ya mawe yaliyoingia London. Kwa hiyo aliyewasha moto wa kupikia alichangia, apende asipende, hata kama hakuwahi kukanyaga kanisani.

Ibada ya kwanza ilifanyika Desemba 1697, kuba likiwa bado halijajengwa. Mwaka huohuo Bunge lilizuia nusu ya mshahara wa Wren, eti ili aharakishe. Kwa maoni yangu ilikuwa dhuluma tupu: mawe hayapandi haraka kwa sababu mjenzi ana njaa. Alilipwa malimbikizo yake mwaka 1711, akikaribia miaka 80.